Aliyelala Juu ya Kichanja

Mume wa dada yangu aliitwa Boritosh, na kabla sijasema lililompata niseme kwanza kwamba sikumpenda. Wafu wana heshima yao, najua. Lakini yeye hakumheshimu aliye hai wala aliyekufa, kwa hiyo simwonei.

Kwetu Sherobod jua halina adabu. Mwezi wa Julai ukianika nguo kambani, ukifika kwenye ya mwisho ile ya kwanza imeshakauka kama ubao. Ndiyo maana kila ua una mzabibu uliopandishwa juu ya kichanja cha miti, na chini yake baraza la udongo ambapo watu hula, hulala mchana na kugombana. Ua wa dada yangu Zulhumor ulikuwa na baraza bila mzabibu. Uliokuwepo aliupanda baba yake Boritosh, na Boritosh akaukata apate pa kuegesha gari. Gari likauzwa. Jua likabaki.

Siku jambo hili linaanza nilikuwa kwao, namenya vitunguu na dada. Mama mkwe wake, Bibi Anzirat, alikuwa ameketi kando ya ukuta, anasogea kidogo kidogo kufuata kivuli cha nyumba. Boritosh akatoka ndani na fulana yake ya kulalia, tumbo mbele.

"Jumapili washenga wanakuja kutoka Denov kumtazama Gulsanam," akasema. Gulsanam ni binti yao. "Hawatakaa sebuleni kama wagonjwa hospitalini. Nataka kichanja."

"Panda mzabibu," nikamwambia.

"Mzabibu ni wa watu wasio na kazi, shemeji. Nikae miaka nakodolea jani macho? Kivuli nakitaka wiki hii."

"Basi kamwombe jirani yako Choriyor miti. Anayo mingi."

"Choriyor? Yule kuku wake wamekonda kuliko yeye? Bora niungue!"

Akaondoka na tela la kukodi. Alirudi mchana, saa ambayo mtaa mzima umelala na hata mbwa hawabweki. Alileta nguzo nne za mti wa popla, na ngazi tatu ndefu za mforsadi, nyeusi kwa uzee, zilizolainika kwenye mishikio kama zimepakwa mafuta. Nguzo akazichimbia kwenye pembe za baraza. Ngazi akazilaza juu, ubavu kwa ubavu. Hakuzikata hata kidogo. Urefu wake ulilingana na baraza kana kwamba zilipimwa.

Kesho yake niliporudi, sitaficha, kilikuwa kimependeza. Mwanga ulishuka kati ya vidato, ukachora mistari juu ya mazulia. Na palikuwa na ubaridi. Ubaridi wa chumba cha chini wanamohifadhi matikiti. Boritosh alikuwa amejilaza pale na bakuli la chai ya kijani, anapaza sauti ili Choriyor asikie ng'ambo ya ukuta.

"Wengine wanapanda majani, wengine wana akili! Karibu shemeji, kaa, usije ukasema nakunyima."

Bibi Anzirat hakutaka kusogea. Alibaki kwenye jua, kitambaa kimelowa jasho.

"Boritosh," akasema taratibu, "mwambie huyo mtu ashuke."

"Mtu gani, mama?"

"Aliyelala huko juu."

Boritosh alicheka mpaka akapaliwa na chai. "Macho yamekwisha, na sasa akili inayafuata! Dada zangu waje wamchukue, mimi sijengi nyumba ya vichaa."

Nami nilitaka kucheka. Nikatazama chini, kwenye mazulia. Ngazi ya kushoto ilitupa mistari. Ya kulia ilitupa mistari. Ya katikati haikuwa na mstari hata mmoja. Palikuwa na giza moja refu, jembamba upande wa ukuta, pana upande wa mlango, na mwisho wake limeviringana kama kichwa. Nikainua macho. Kati ya vidato niliona mbingu ya buluu, nyeupe karibu na jua. Hapakuwa na kitu.

Nikapanda barazani niangalie kwa karibu. Ndipo nilipoona kidato kilichofungwa waya wa shaba.

Waya ule naujua. Baba yetu alikuwa mtu mzito. Siku ya kumtoa nyumbani, watu walipoinua jeneza kidato kilipasuka, na ami yetu akang'oa waya kwenye redio mbovu akakifunga palepale uani, huku sisi tunalia. Kwetu jeneza ni ngazi ya mti yenye mishikio. Maiti hufungwa sanda akalazwa juu, akabebwa mabegani, kisha ngazi hurudi msikitini kumngoja mwingine.

Dada alikuwa anapita na birika. Nikamwonyesha kwa kidole. Birika la kauri likamponyoka, likavunjika.

"Umezitoa wapi?" akamuuliza mumewe. Sauti yake ilikuwa chini kama ya mtu aliye chumba cha mgonjwa.

"Nyuma ya msikiti. Wamenunua za chuma, hizi wamezitupa."

"Ni majeneza, Boritosh. Moja lilimbeba baba yangu."

"Yalikuwa majeneza, sasa ni kichanja. Hata wewe ulikuwa mrembo, sasa tazama. Kila kitu hubadilika."

Dada akainama. Aliokota vigae vya birika. Niliona amevishika kwa nguvu hata kidole kinatoka damu.

Habari ikafika msikitini. Mulla Eshkobil, imamu wetu, akaja, naye si mtu wa ajabu, sifa yake kubwa ni kwamba hajawahi kukosa pilau ya msiba. Lakini siku hiyo alisimama langoni na hakutaka kuingia hata alipokaribishwa chai.

"Tuliyaacha yaoze yenyewe," akasema. "Hayachomwi, hayajengewi. Yarudishe, mwanangu."

"Wafu wako ardhini, mulla, kwenye baridi yao. Hawahitaji kivuli. Au walikuachia wosia?"

"Sijui wanahitaji nini. Ndiyo maana naogopa."

Boritosh akamfungia lango usoni.

Jumapili washenga wakaja. Mama wa kijana, Bi Hosiyat, alikuwa na meno ya dhahabu na macho ya mpima ng'ombe sokoni. Alikuja na dada yake, mwembamba, asiyesema. Zulhumor alikuwa ametandika sebuleni. Akamnong'oneza mumewe wakaribishwe huko. Boritosh akavuta mazulia kwa mikono yake mwenyewe na kuyarudisha barazani, mbele ya wageni, bila aibu.

"Mke wangu anataka kuwapika humo ndani! Kaeni hapa. Hapa hatuhitaji umeme wa kupooza hewa."

Bi Hosiyat akaketi, akashusha pumzi. "Kweli, kuna baridi," akasema. "Kuna baridi sana."

Gulsanam akaleta mikate na matikiti. Alitembea ameinamisha macho, nikadhani ni haya ya msichana. Kisha nikaona anapita pembeni kabisa mwa baraza, asikanyage giza la katikati. Kumbe naye aliliona. Kumbe kila mwanamke wa nyumba ile aliliona, akanyamaza, kwa sababu ya mdomo wa mtu mmoja.

Kitu cheupe kikadondoka juu ya mkate. Chepesi. Bi Hosiyat akakiokota.

"Pamba," akasema.

"Ni manyoya ya popla," Boritosh akadakia. "Nguzo mbichi hizo."

Popla humwaga manyoya mwezi wa Mei. Tulikuwa Julai, na nguzo zilikuwa zimekauka. Kikadondoka kingine, kwenye bakuli la chai. Kilikuwa kimesokotwa. Kidogo, cha duara, kama kile wanachomziba nacho maiti puani.

Juu ya vichwa vyetu mti ukalia. Krrr. Hapakuwa na upepo. Ukalia tena, polepole, kama kitanda mtu anapogeuka ubavu.

Yule dada mwembamba akafungua mdomo kwa mara ya kwanza. "Nani yuko juu?" akanong'ona.

Nilimwona Boritosh akibadilika rangi. Kwa hofu? Hapana. Kwa hasira ya mtu aliyeaibishwa mbele ya wageni. Akainuka.

"Wanawake!" akasema. "Mnaogopa mbao! Ngojeni niwaonyeshe aliyeko juu."

"Boritosh, nakuomba," dada akasema. Akamshika mguu wa suruali. "Mbele ya binti yako, nakuomba."

Akampiga teke la kumwondoa. Akaweka kiti, akashika nguzo, akajivuta. Tumbo lile likapita kwa shida. Akalala chali juu ya ngazi ya katikati, mkono mmoja chini ya kichwa kama mtu aliye pikiniki.

"Haya! Maiti ni mimi! Niombeeni dua!"

Akacheka. Peke yake.

Sisi tulikuwa tunatazama chini.

Tangu nilipoliona, giza lile lilikuwepo bila mtu juu. Sasa mtu yuko juu, mnene, na giza halipo. Mistari ilianguka kwenye mazulia, safi, mmoja baada ya mwingine. Jua lilipita. Lilipita mwilini mwake kama linavyopita kwenye kioo. Niliinua macho, nikaona mgongo wake umebanwa na vidato. Nikatazama chini. Mwanga.

Bi Hosiyat alishuka barazani bila viatu. Alifika langoni bila viatu. Hakuaga.

"Wajinga waende!" Boritosh akapiga kelele kutoka juu. Kisha kwa sauti ndogo, ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Zulhumor. Nisaidie kushuka. Kuna mtu ananisukuma nimpishe."

Tulimshusha. Ngozi yake ilikuwa baridi kama nyama ya bucha asubuhi. Na alipotoka pale, giza likarudi mahali pake kwenye mazulia. Lakini halikuwa lilelile. Hili lilikuwa na tumbo. Hili lilikuwa na mkono mmoja chini ya kichwa.

Tangu hapo hakupata joto. Alikaa katikati ya ua kwenye jua kali, amevaa koti la pamba la baridi na kofia ya manyoya, meno yanagongana. Daktari alimpima, hakuona ugonjwa. Matusi yake yote yaliisha. Nilimletea supu siku moja, nikangoja anitukane, nikatamani anitukane.

"Shemeji," akasema, "yeye ameshuka?"

"Nani?"

"Aliyepanda. Mimi."

Dada ndiye aliyekwenda kwa Mulla Eshkobil. Wanaume wa mtaa wakaja mchana uleule, Choriyor mbele yao, wakashusha majeneza. Mawili yalibebwa na mtu mmoja mmoja begani, kama ngazi yoyote. La katikati mtu mmoja hakuliweza. Wakaongezeka wawili. Wakawa wanne, kila mmoja kwenye mshikio wake, na bado magoti yaliwapinda. Walilipeleka njiani wanapokezana mabega, kama mazishini. Wenye maduka walipoliona wakasimama, maana ndiyo desturi yetu jeneza likipita. Wakaona ni tupu. Hakuna aliyethubutu kukaa.

Boritosh alilifuata nyuma. Peke yake, amejikunja ndani ya koti, kwenye joto lile la kuyeyusha lami. Sisi wanawake tulikwenda mpaka kona tukasimama. Yaliyofuata niliyapata kwa Choriyor, mtu asiye na uwezo wa kubuni hata jina la kuku.

Walilitua nyuma ya msikiti, mahali pake pa zamani. Liliposhika ardhi Boritosh akasema, "Ah," kama mtu aliyetuliwa mzigo. Akavua kofia. Akavua koti. "Joto," akasema. Akaanguka. Walipomgeuza alikuwa amekwisha.

Wakataka kumrudisha nyumbani aoshwe. Majeneza ya chuma yote yalikuwa yametoka, kulikuwa na misiba mingine siku hiyo. Wakatazamana. Wakamlaza juu ya lile waliloleta, lenye waya wa shaba.

"Nikajiandaa kuinua," Choriyor akaniambia. Alikuwa ananong'ona, na tulikuwa wawili tu. "Unamjua yule bwana alivyokuwa mnene. Nikabana pumzi. Dada yangu, jeneza liliruka juu lenyewe. Lilikuwa jepesi. Tulibeba mbao tu. Njia nzima nilikuwa nageuka kutazama kama tumemwangusha."

Tulimzika kabla jua halijatua, akabebwa makaburini kwa jeneza la chuma lililorudi mapema. Wanawake walilia kama inavyopasa. Mimi nililia kwa ajili ya dada. Gulsanam hakuolewa Denov. Yuko Termez, anasomea uuguzi, na haji nyumbani wakati wa kiangazi.

Dada aling'oa nguzo, akabomoa na baraza. Ua sasa ni udongo mtupu, umepasuka kwa jua kama mgongo wa kobe, haumei hata mwiba. Isipokuwa pale lilipokuwa giza la katikati. Pale huota majani mabichi, laini, mwezi wa Julai, bila tone la maji. Kipande kirefu cha urefu wa mtu, kimetanuka kidogo kwenye tumbo. Dada huyakata kwa mundu, na wiki haiishi yamerudi.

Kondoo wake hula kila kitu, hula mpaka maganda ya matikiti na kamba. Dada huwafungulia asubuhi. Nao huyafuata majani yale mpaka ukingoni, huyanusa, kisha husimama safu moja bila kula, vichwa vimeinama, wote wamegeukia kibla.