Wiki Tatu za Karanga

Zulaikha alikuwa amekata nusu ya majani ya viazi vitamu alipotambua kwamba Karanga hajasogea. Siku nyingine zote, mlio wa panga kwenye gogo ulitosha kumleta mbuzi huyo horini, kichwa kimeshapenya kati ya mbao kabla chakula hakijawekwa. Leo alisimama kwenye kona ya banda, akaparua maranda kwa kwato, akalala, akainuka tena.

"Karanga, njoo ule."

Mbuzi aligeuza shingo na kuutazama ubavu wake mwenyewe, kana kwamba kuna mtu amemgusa pale.

Zulaikha aliweka panga chini. Juu ya mlango wa banda palikuwa na tarehe mbili zilizoandikwa kwa kalamu bapa ya seremala. Ya kwanza, 28 Desemba, ilikuwa siku Karanga alipopelekwa kwa beberu. Ya pili, 27 Mei, ilikuwa siku aliyotazamiwa kuzaa, kwa maana mbuzi hubeba mimba siku mia na hamsini hivi. Baba yake, fundi Nasiri, ambaye nyumbani na mtaani aliitwa Papa, ndiye aliyehesabu na kuandika. Leo ilikuwa tarehe tano Mei. Kwa hesabu ya mlango, zilibaki wiki tatu.

Ni Zulaikha peke yake aliyejua kwamba mlango ulisema uongo.

Karanga alitoka Nkungu, kwa shangazi wa Zulaikha, akiwa na umri wa siku nne, mama yake amekufa. Zulaikha alimlea kwa chupa nyuma ya karakana ya baba yake, hapa Kamembe. Mbuzi huyo alikua kwa upana kuliko urefu, na rangi yake ilikuwa ile ya ganda la karanga, hivyo jina likaja lenyewe. Uwamahoro, jirani yao aliyesoma darasa moja na Zulaikha, alikuwa na mbuzi mwenye mapacha, na hakuacha kutania.

"Huyo wako ni wa kupiga naye picha," alisema. "Hata akizaa, atazaa paka."

"Basi waambie panya wa kwenu wajiandae," Zulaikha alimjibu.

Papa Nasiri alikuwa ameweka sharti moja: Karanga asipelekwe kwa beberu mpaka ang'oe meno mawili ya utoto ya mbele. Veterineri, yaani daktari wa mifugo, alimweleza kwamba mbuzi ambaye hajang'oa meno hayo bado anaujenga mwili wake mwenyewe, na ni vigumu kujenga nyumba mbili kwa matofali ya nyumba moja.

Mwanzoni mwa Desemba, kabla jino lolote halijang'oka, Karanga aliingia kwenye joto. Alilia siku mbili mfululizo, mkia ukitikisika, chakula hakigusi. Papa alicheka. "Anaita mchumba. Avumilie," alisema. Lakini Uwamahoro alikuwa na habari nyingine.

"Kwa mbuzi mfupi hivyo, joto likipita halirudi mpaka mwaka ujao. Maman yangu anajua."

Huenda maman yake hakuwahi kusema hivyo. Zulaikha hakuuliza mtu mwingine. Jumamosi tarehe sita, baba yake alipokwenda kupachika milango kwa mteja, alimfunga Karanga kamba, akashuka naye hadi Mururu kwa Mzee Ntabaza, ambaye beberu wake alijulikana kilimani kote. Mzee alikuwa kanisani, maana ni Msabato. Beberu alikuwa amefungwa kando ya shamba la kahawa. Shughuli haikuchukua muda. Kabla ya adhuhuri Karanga alikuwa amerudi bandani, kimya, anakula.

Wiki mbili baadaye jino la kwanza likang'oka, na la pili likafuata. Papa alihesabu kwamba joto lingerudi baada ya siku ishirini na moja au karibu na hapo. "Akianza kulia, mpeleke," alisema. Karanga hakulia. Zulaikha akasema amelia, naye akampeleka tarehe 28. Safari hii Mzee Ntabaza alikuwapo, akamwona beberu wake akimnusa mbuzi, akigeuka na kuendelea kutafuna.

"Ajabu hii," alisema mzee. Alikuwa amekulia Congo, na Kiswahili chake kilibaki kile cha kule. "Beberu yangu hakatalaka mbuzi bure. Huyu hakupandwa na mwingine, mwanangu?"

"Hapana, Mzee. Labda wanaoneana haya."

Mzee alicheka, akaenda kupalilia kahawa. Aliporudi aliambiwa kwamba tayari. Hakuwa mtu wa kumshuku mtoto.

Wiki tatu tu, Zulaikha aliwaza jioni ile, baba yake alipokuwa akiandika mlangoni. Nani atazihesabu?

Sasa alikwenda karakanani kumwita baba yake. Papa Nasiri aliacha randa kwenye ubao, akaja, akachuchumaa nyuma ya Karanga. Mfuko wa maji ulikuwa umepasuka. Ukwato mmoja mdogo, laini na mweupe, ulikuwa umejitokeza. Alitoa simu, akaiweka kwenye spika ili mikono yake ibaki huru, akampigia Uwineza, veterineri.

"Dokta, mbuzi wetu anazaa kabla ya siku zake."

"Ana mimba ya siku ngapi, Papa Zulaikha?"

Papa alitazama mlango. "Mia moja ishirini na nane."

Upande wa pili ng'ombe walisikika wakilia. "Hiyo ni kutupa mimba, si kuzaa," alisema Uwineza. "Ng'ambo ya bonde mbuzi wawili wametupa mimba mwezi huu, na bado natafuta sababu. Kuna ugonjwa unaoleta hayo; beberu huueneza, na mtu pia unampata. Msimguse kwa mikono mitupu. Msimvute. Kitoto cha siku hizo hakiishi, mwacheni akitoe mwenyewe. Mimi niko Nkungu, nina ng'ombe arobaini wa kuchanja. Nitapita jioni kuchukua damu. Beberu ni wa nani?"

"Wa Mzee Ntabaza, wa Mururu."

"Nitampigia sasa hivi amfungie. Tukikuta ni ugonjwa huo, atachinjwa."

Papa alimshika Zulaikha bega, akamtoa bandani. "Tusubiri," alisema.

Walisubiri. Karanga alijikaza, akapumzika, akajikaza tena. Ukwato haukusogea mbele. Kila alipojikaza, sauti yake ilitoka ndogo kuliko mara iliyotangulia. Zulaikha alisimama akishika ubao wa mlango. Akisema, baba yake atajua mambo mawili kwa mara moja: kwamba alikwenda Mururu bila ruhusa, na kwamba amemdanganya tangu Desemba. Asiposema, labda Karanga atazaa mwenyewe. Robo saa ikapita hivyo.

Simu ikalia. Alikuwa Mzee Ntabaza.

"Papa Zulaikha, dokta anasema nifunge beberu. Miaka nane bantu banakuja kwangu, hakuna mbuzi ilitupa mimba. Nilikosa wapi?"

"Sijui, Mzee. Tumngoje dokta."

"Nimeshamfunga. Bantu babili nimebarudisha na mbuzi zao." Kisha akaongeza: "Poleni sana na mbuzi wenu. Mwambie mtoto pole."

Papa alikata simu. Zulaikha alikuwa akitazama miguu yake.

"Papa," alisema. "Siyo siku mia moja ishirini na nane. Ni mia na hamsini."

Baba yake alitazama mlango, kama fundi anavyotazama kipimo baada ya ubao kukatwa. Aliuliza jambo moja tu.

"Una hakika na siku yenyewe?"

"Tarehe sita Desemba. Mzee alikuwa kanisani."

Papa alibonyeza namba, akamkabidhi simu. "Mwambie wewe."

Zulaikha alisema yote kwa sentensi mbili. Uwineza hakumkatiza.

"Ukwato umeonekana tangu lini?"

"Kama nusu saa."

"Ni mmoja tu? Pua haijaonekana?"

"Mmoja tu."

"Basi kitoto kimekomaa na kimekwama. Mguu wa pili umekunjika ndani. Chemsheni maji, tafuteni gunia safi. Ng'ombe watasubiri. Naja."

Alifika kwa pikipiki kabla ya saa kwisha, buti zimejaa tope jekundu. Alivaa glavu ndefu, akazipaka mafuta, akamwambia Papa ashike mabega ya Karanga na Zulaikha ashike kichwa. Alisubiri mbuzi apumzike, akakisukuma kitoto nyuma kidogo, akautafuta mguu uliokunjika, akaufunika ukwato kwa kiganja ili usichane tumbo la uzazi, akaunyoosha. Miguu miwili ikatokea, kisha pua juu yake. Karanga alipojikaza tena, alivuta taratibu kuelekea chini.

Kitoto kilitoka kikiwa kimelegea. Uwineza alikisafisha mdomo, akakitekenya pua kwa unyasi, akakisugua kwa gunia. Hakikutikisika. Akasugua tena. Kikapiga chafya.

"Jike," alisema. "Ningefika jioni, mngezika wawili."

Alimpigia Mzee Ntabaza amfungulie beberu, kisha akanawa, kidole kimoja baada ya kingine. Zulaikha alikuwa akingoja kukemewa. Uwineza alizungumza kwa sauti ileile aliyotumia kuagiza maji.

"Mbuzi hawezi kuniambia anaumwa wapi. Wala mimi, nikiwa Nkungu, sioni kilichomo tumboni mwake. Naona kwa tarehe mnayonipa. Ukinipa ya uongo, umenifumba macho, na mimi nitakuwa namtibu mbuzi mwingine ambaye hayupo. Umechelewa kusema, lakini umesema. Ndiyo maana huyu anapumua."

Alipoondoka, Papa Nasiri aliketi juu ya gogo.

"Kwenda Mururu bila ruhusa kulikuwa kosa dogo, Zulaikha. Ningekukemea siku moja, yakaisha. Ulipolificha ndipo lilipoanza kukua. Kosa likisemwa mapema humgusa aliyelifanya. Likifichwa, linatembea mpaka kwa watu wasiohusika. Leo limefika kwa Mzee, likawafukuza wageni wake, na yeye akakutumia pole."

"Dokta ameshampigia, Papa."

"Hiyo ni simu ya dokta. Ya kwako bado. Kesho ukitoka shule utashuka Mururu."

"Nianze na nini?"

"Anza na tarehe sita. Mengine yatafuata."

Ilibaki kazi ya kunyonyesha. Karanga hakuwahi kuwa mama, na kitoto kilipotafuta kiwele chake alikinusa, akasogea hatua mbili, akashangaa kuona kinamfuata. Zulaikha alifanya kama Uwineza alivyomwonyesha: alimbana mbuzi ukutani kwa goti, akakamua matone mawili ya dang'a, yale maziwa ya kwanza mazito ya manjano, akatia chuchu kinywani mwa kitoto. Kiliteleza. Akarudia. Mara ya saba kilishika, na mkia wake ukaanza kutikisika.

Chuchu ya pili ilikuwa ngumu, na kila alipoigusa Karanga alirusha teke. Nje manyunyu yalianza, na adhana ya magharibi ikasikika. Papa alikuwa akipigilia mbao upande wa banda unaoingiza upepo. Alikuwa amemaliza tatu, bado mbili.

"Tumbo la kitoto limejaa?" aliuliza.

Zulaikha alilipapasa. "Limejaa."

"Basi yatosha. Huo upande wa pili, na mbao hizi, tutaamka navyo alfajiri."

Alikusanya misumari iliyobaki, akaitia mfukoni. Zulaikha alilegeza goti, lakini mkono wake aliuacha mgongoni mwa Karanga, na mbuzi huyo, kwa mara ya kwanza tangu mchana, hakusogea.