Aliyemlaza Mzee Muhidin

Mzee Muhidin alikutwa chini sebuleni kwake, Donholm jijini Nairobi, amekufa, na kilichomshtua Inspekta Hayat si damu. Damu alishaizoea. Kilichomshtua ni jinsi marehemu alivyolazwa vizuri.

Macho yalikuwa yamefumbwa. Kidevu kilifungwa kwa kitambaa cheupe kilichozungushwa hadi utosini. Mikono ilinyooshwa ubavuni, na uso ulielekezwa upande wa mlango wa jikoni. Nyuma ya kichwa palikuwa na jeraha moja. Hatua chache kutoka hapo ilitupwa nyundo ya fundi viatu, na kwenye mpini wake palichomwa jina kwa moto: SHIUNDU.

"Kesi imekwisha," alisema Luseno, mkuu wa upelelezi wa kituo. "Jina ndilo hilo. Tunataka nini tena?"

Luseno alipenda kesi zinazokwisha kabla chai haijapoa. Hayat, kwa upande wake, siku hizo hakuwa na sauti kituoni. Mwezi uliopita Mahakama Kuu ilikuwa imeitupa nje kesi yake ya wizi wa mabavu, kwa kuwa aliandika maungamo ya mshukiwa yeye mwenyewe, bila shahidi, ilhali ndiye aliyekuwa mpelelezi. Majambazi walitoka kizimbani wakicheka. Tangu hapo Luseno alimwita "wakili", na lile jina lilimuuma.

Mwaka huo mahakama zilikuwa zimechachamaa. Leo uamuzi wa ardhi, kesho wa mirathi, keshokutwa wa polisi wanaopekua simu za watu bila kibali. Na wiki hiyohiyo Mahakama ya Ajira ilikuwa imeamua kesi ya Shiundu dhidi ya huyu Mzee Muhidin aliyelala hapa. Mzee alikuwa na karakana ya viatu vya ngozi katika soko la Kariokor, na Shiundu alikuwa msimamizi wake hadi alipofukuzwa kwa madai ya kuiba ngozi. Jaji alisema hakuiba chochote, arudishwe kazini. Watu waliwaona wawili hao wakipaziana sauti langoni mwa mahakama.

"Nani alimwona kwanza?" Hayat aliuliza.

"Mimi na Aqil," alijibu Elsie, jirani wa mlango wa pili. "Tulikutana kwa ngazi asubuhi, tukapanda pamoja. Alipofungua mlango, nduru aliyopiga! Hata ndani hakuingia, madam. Nilimshika mimi asianguke."

Aqil alikuwa mpwa wa marehemu, aliyelelewa katika nyumba hiyo tangu utotoni. Alikaa kwenye ngazi, kichwa mikononi.

"Ulilala wapi?"

"Muthurwa, kwa rafiki."

"Ulimgusa mjomba wako?"

"Wallahi sikumgusa. Sikuvuka hata kizingiti."

Kabla ya adhuhuri Shiundu alikuwa seli. Mkewe, Triza, alisimama kwenye kaunta ya kituo na bakuli la chakula ambalo hakuna aliyetaka kulipokea.

"Madam, mume wangu alishinda kesi," alimwambia Hayat. "Mtu akishinda anaua kwa nini? Mkimpeleka rumande, hiyo kazi aliyorudishiwa ataifanya lini? Atarudi akiwa mzee."

Hayat alilipokea bakuli, akaliingiza seli yeye mwenyewe. Shiundu hakuligusa.

"Nyundo ni yako?"

"Ni yangu, afande."

"Ilifikaje Donholm?"

"Hata mimi nataka kujua. Sijaishika tangu nifukuzwe. Walinifungia nje, vifaa vyangu vyote vikabaki ndani. Ndiyo maana jaji akasema nirudishiwe kazi, pamoja na vifaa."

"Umerudishiwa?"

"Bado. Mzee aliniambia nije Jumatatu."

"Ufunguo wa karakana anao nani?"

"Mzee, na Aqil."

"Na pale langoni mwa mahakama, mlikuwa mnagombania nini?"

Shiundu aliinamisha kichwa. "Hatukugombana. Mzee alikuwa analia. Aliniomba msamaha kwa sauti, mimi nikamwambia anyamaze, watu wanatuangalia. Ni mtu mzima yule. Sikutaka alie mbele za watu kwa sababu yangu."

Hayat alitoka seli akiwa na hakika moyoni. Lakini hakika ya moyoni jaji haandiki.

Daktari aliyepasua maiti alimpigia simu alasiri. "Pigo moja, akafa palepale. Na kidevu kilifungwa mwili ukiwa bado na joto. Ukichelewa, hakifungiki hivyo."

Basi aliyemuua ndiye aliyemlaza, au alikuwa amesimama kando yake. Hayat alirudi Donholm, akavua viatu, akasimama sebuleni peke yake. Ukutani, upande wa barabarani, ilitundikwa picha kubwa ya Kaaba. Ukiingia tu macho yanaenda pale. Mgeni yeyote akiambiwa amwelekeze maiti kibla katika chumba kile, angemgeuza kwenye picha.

Ila maiti hakuelekezwa kwenye picha. Alielekezwa mlango wa jikoni, na huko ndiko kaskazini, ndiko kibla yenyewe kwa mtu wa Nairobi. Hayat aliliona jambo hilo asubuhi kama Mwislamu yeyote angeliona, akalipita kwa sababu lilikuwa sawa. Sasa usawa wenyewe ulimsimamisha.

Waridi, dada wa marehemu na mama yake Aqil, alikuwa kituoni akingoja kukabidhiwa mwili ili wamzike upesi. Hayat alimpa kiti.

"Shikamoo, mama. Pole sana."

"Marahaba, mwanangu. Mtatukabidhi lini?"

"Kesho asubuhi, inshallah. Mama, ile picha ya Kaaba, mbona ipo upande wa barabarani?"

Waridi alitabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Msumari ndio uliokuwa huko. Kaka yangu alikuwa mvivu wa kugonga mwingine. Kila mgeni anayeswali pale hukosea, hadi ageuzwe."

"Nani hakuhitaji kugeuzwa?"

"Mimi, kwa kuwa nilishazoea. Na Aq..."

Hakulimaliza jina. Alivuta mtandio, akaziba mdomo wake mwenyewe.

Luseno alipoelezwa alicheka. "Kibla? Utampelekea jaji kibla?"

"Nitampelekea kibla, ufunguo, na kitambaa."

"Kitambaa gani?"

"Kilichomfunga kidevu kimechanwa kutoka mahali. Naenda kwa hakimu kuomba kibali cha kupekua chumba cha Aqil kule Donholm."

"Chumba ki wazi, wakili! Ingia tu!"

"Mwezi uliopita niliruka utaratibu, kesi ikatupwa. Sirudii."

Alingoja kibali, Luseno akimlaani kwa kila dakika. Kilipotoka, waliingia. Chini ya kitanda cha Aqil walikuta shuka jeupe lililochanwa pembeni, na mpasuko wake ukalingana na wa kile kitambaa, uzi kwa uzi. Nyuma yake ulifichwa mfuko wa turubai wenye sindano, visu na koleo. Kila mpini ulichomwa jina la Shiundu. Nyundo tu ndiyo haikuwemo.

Aqil aliletwa. Hayat aliviweka vitambaa viwili mezani.

"Uliapa kwamba hukumgusa."

"Sikumgusa."

"Asubuhi hukumgusa. Hapo nakuamini. Jana je?"

Kijana alivitazama vitambaa.

"Nisingeweza kumwacha vile, macho wazi. Alinilea, afande. Mimi ndiye..."

"Nyamaza!" Hayat alipiga meza kwa kiganja.

Luseno, aliyekuwa mlangoni, alitoa macho. "Anaungama, we Hayat! Mwache aseme!"

"Hataungama kwangu." Alimgeukia Aqil, akapunguza sauti. "Una haki ya kunyamaza na haki ya wakili. Ukitaka kusema, utasema mbele ya afisa asiyehusika na kesi hii, na mtu utakayemchagua wewe akae kando yako. Unamtaka nani?"

Aqil alilia kama mtoto. "Mama."

Inspekta Mkuu Ngui aliitwa kutoka kituo kingine. Waridi aliingia akishikilia ukuta, mlango ukafungwa. Hayat alikaa kwenye benchi la nje, akaogopa waziwazi: Aqil akibadili nia mle ndani, kila kitu kimekwenda. Luseno alimkodolea macho ya nilikwambia. Ngui alipotoka hatimaye na karatasi zenye sahihi tatu, Hayat aligundua kwamba amelowa jasho hadi mgongoni. Jioni hiyo Shiundu alitoka seli. Kesho yake alikuwa miongoni mwa waliolibeba jeneza la Mzee Muhidin.

Kesi ilichukua muda wake. Wakili wa Aqil alipinga maungamo, akadai yalilazimishwa. Jaji alisikiliza, akasoma, akainua kichwa.

"Mpelelezi alimzuia mshukiwa asijiangamize mbele yake," alisema. "Sheria ilifuatwa hatua kwa hatua. Maungamo yanapokelewa."

Karani aliyasoma kwa sauti.

"Niliapa uongo kwamba Shiundu aliiba ngozi. Nilizificha mimi, kwa sababu mjomba alimwamini kuliko mimi wa damu yake. Jaji wa Ajira aliponiita mwongo, mjomba aliniagiza nilete vifaa vya Shiundu nyumbani, avisafishe kwa mkono wake. Akaniambia Jumatatu atampa Shiundu karakana, na mimi nisimame mbele ya soko zima niombe radhi. Akanyoosha mkono niupe ufunguo. Sikuutoa. Akasema ataswali kwanza. Alipogeuka kuelekea kibla nikampiga. Nyundo niliiacha makusudi. Kisha nikamwona macho wazi, na hilo sikuliweza. Nikamlaza."

Mahakama ilimtia hatiani. Luseno alimfuata Hayat kwenye veranda.

"Wakili," alisema, akanyoosha mkono. Safari hii jina lile halikuuma hata kidogo. Hayat aliupokea mkono huku akicheka.

Waridi hakutaka karakana ifunguliwe hadi ukweli usikike hadharani. Sasa ufunguo, uliokuwa kielelezo cha kesi, ulikuwa mkononi mwake. Alikwenda moja kwa moja hadi alipokaa Shiundu na Triza.

"Kaka yangu alinyoosha mkono autwae huu, akupe," alisema. "Mwanangu akamzuia. Nakupa mimi."

Shiundu aliupokea kwa mikono miwili, machozi yakimtoka, na Waridi akamwacha alie mbele za watu.

Walikwenda Kariokor siku hiyohiyo. Kufuli lilikuwa limeshika kutu, likagoma, halafu likafyatuka, na milango ikafunguka kwa kishindo. Triza alipiga kigelegele. Mafundi wa mstari mzima waliacha kazi zao, wakaanza kugonga nyundo juu ya meza, wote kwa pamoja, hadi Hayat, aliyesimama na Waridi katikati ya soko, hakuweza tena kusikia kelele za barabarani.