Makoti Meusi ya Wakwe

— Beau-frère, ile koti ulipata wapi?

Sauti ya kaka yangu Apollinaire ilitoka kwenye simu ikimuuliza shemeji yake mtarajiwa, na shughuli ya mahari ikasimama. Tulikuwa nyumbani Beni, simu tumeiegemeza mezani ili atuone kutoka Ulaya. Mchumba wangu Phinées na wajomba zake walikuwa wamefika kutoka Butembo wakiwa na sare: makoti meusi, kifuani kichwa cha mbwa mweupe. Walipendeza hadi nikavimba kichwa.

— Nauzisha nguo za mitumba, beau-frère, Phinées alijibu kwa majivuno. Balo moja ilitoka Amerika, ingine kwenu Ulaya, mais imbwa ni ileile! Njo tukavaa ya kufanana.

— Séphora, usiolewe na ule mutu!

Nilichanganyikiwa. Mbwa amekosa nini?

— Yaya, umelewa? nikamuuliza kaka.

— Batu ba ile imbwa njo balinivunja muguu!

Mama akanyakua simu.

— Ulisema uliangukaka kwa ngazi!

— Nilikudanganya, Mama. Balinipata ku arrêt ya bus. Ni kikundi ya kuchukia batu beusi. Ilianzia Amerika, ikapita kwa internet, sasa biko na huku.

— Ulibafanyia nini?

— Hapana kitu.

Mama akauliza tena, na tena, kana kwamba jibu lingine lingepatikana.

Phinées alisimama na mbwa wake kifuani, jasho likimtoka.

— Chérie, sikujua. Na weye ulisema napendeza!

Kweli nilisema. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

— Vula! nikamwambia.

Akavua. Wajomba wakavua pia, mkubwa wao akinung'unika kwamba koti lina joto zuri.

— Unisamehe, beau-frère. Nitachoma yote.

— Yote iko wapi? nikauliza.

Akainamisha kichwa.

— Nilishauzisha. Bamotari ba pikipiki ba Butembo banavaa, hata bakwaya.

— Basi uzirudishe. Hapo njo utanioa.

Tangu siku hiyo simu yangu ilijaa ujumbe wake: "Motari anakataa. Anasema imbwa iko muzuri. Nimueleze namna gani, na mie sielewe?"

Mimi pia sikuelewa. Ila nilimpenda kwa kuhangaika hivyo, nikakubali harusi.

Tulipotoka kanisani, Apollinaire akitutazama kwenye simu, pikipiki ikapita. Dereva alikuwa na mbwa kifuani.

— Simama! Phinées alipiga kelele, akaniacha na maua yangu, akamkimbilia.

Walibishana kidogo. Kisha motari akaondoka amevaa koti la suti ya bwana harusi.

Ndiyo maana kwenye picha zetu zote mume wangu yuko na shati tu.