Fundi Rangi Aliyeufunga Mkono Wake

Watu walimwita Dari. Jina lake halisi lilikuwa limesahaulika, na hata mke wake alilitaja siku za hasira tu. Alikuwa fundi rangi, na kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kupaka dari. Asubuhi alipanda ngazi, akainua rola juu ya kichwa, na kushuka ilikuwa mpaka njaa imwite. Dari za watu ziling'aa. Dari ya sebuleni kwake ilikuwa nyeusi kwa masizi ya taa.

"Kinyozi hajinyoi," mke wake alisema kila alipoitazama.

Mwaka huo Dari aliahidi kuipaka. Binti yao angekuja likizo ya mwisho wa mwaka pamoja na mtoto wake wa miaka mitatu, mjukuu ambaye hawakuwahi kumwona. Dari alisema mjukuu wake hatalala chini ya masizi. Akanunua kopo la rangi ya bluu, akaliweka kando ya kabati. Mke wake alifurahi kama msichana.

Kabla kopo halijafunguliwa, bega la kulia likaanza kuuma. Kwanza liliuma alipoinua mkono. Kisha likauma alipolalia upande huo. Dari hakumwambia mtu, akajitibu kwa akili ya fundi. Kama tapentaini hulainisha brashi iliyokauka, itashindwaje na bega? Akajipaka. Bega halikulainika. Ngozi ilibabuka, na nyumba nzima ikanuka. Hapo ndipo mke wake alipojua.

Dari hakukata tamaa. Akaufunga mkono kwa kitambaa shingoni, akisema kinachouma kipumzishwe. Wiki nne mkono haukusogea. Maumivu yalipungua, naye akajisifu kwa kila aliyepita mlangoni.

Siku alipokifungua kitambaa, mkono ulikataa kupanda. Uliishia kifuani. Hakuweza kuchana nywele wala kuvaa shati peke yake. Mke wake alimfunga vifungo, na safari hii hakumtania. Dari alilitazama lile kopo, akaogopa. Fundi wa dari asiyeweza kuinua mkono ni fundi wa nini?

Jirani wa mlango wa pili alikuwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitalini. Alikuwa binti mcheshi, hodari wa kuazima vijiko na kusahau kuvirudisha. Jioni ile mke wa Dari alimwita. Jirani aliamkia, akavuta kiti, akaanza kuuliza. Je, alianguka? Mkono unakufa ganzi? Ana homa? Bega limevimba? Kifua kinabana, au anakosa pumzi na kutokwa jasho? Dari alijibu hapana kwa yote.

"Vizuri, baba," alisema jirani. "Ungejibu ndiyo hata kwa moja, tungekwenda hospitali sasa hivi. Maumivu ya kifua yanayofika begani yanaweza kuwa ya moyo."

"Sasa langu linauma kwa nini?"

Jirani alieleza kwamba mfupa wa mkono hushikiliwa begani na kano, nazo ni imara kama kamba. Mtu akiinua mkono juu ya kichwa kutwa nzima, mwaka baada ya mwaka, kano huchoka na kuumia. Dari akasema hayo ameyaelewa. Lakini mbona alipolifunga bega maumivu yalipungua?

"Yalipungua kwa sababu hukulitumia. Ila bega lisilosogezwa hukakamaa. Baba, brashi yako ukiiacha na rangi wiki nne, inakuwaje?"

Dari alianza kucheka, kisha akautazama mkono wake. "Inakuwa ukuni," alisema.

Kesho yake walikwenda hospitali. Daktari alilipima bega, akapima na sukari, maana bega lililokakamaa huwapata zaidi wenye kisukari. Sukari ilikuwa sawa. Dari alipewa dawa ya maumivu na kuelezwa namna ya kuinywa. Tapentaini ilipigwa marufuku.

Kisha jirani akamfundisha mazoezi. Kwanza Dari alikanda bega kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Halafu aliinama, mkono wa kushoto juu ya meza, akauacha wa kulia uning'inie na kubembea taratibu. Mwisho alisimama mbele ya ukuta na kuvitembeza vidole kuelekea juu.

"Likivuta kidogo, ni sawa," jirani alimwambia. "Likichoma, acha. Na usimruhusu mtu yeyote kukuvuta kwa nguvu."

Hapo Dari akalifungua lile kopo la bluu. Kila Jumapili alitia nukta ukutani, pale vidole vyake vilipofika.

"Nilitaka dari," mke wake alisema, "umenipa ukuta wenye ndui."

Wiki tatu za kwanza nukta zilikaa karibu zigusane, na Dari akanuna. Jirani alimkumbusha kwamba bega halina haraka. Mwezi wa pili wa mazoezi nukta zikaanza kuachana. Mwezi wa tatu zilipita usawa wa kichwa. Mwezi wa nne nukta ilifika kimo cha mlango, na Dari akaenda kumgongea jirani aje aione.

Lakini kazi hakuirudia kwa mtindo wa zamani. Alitengeneza jukwaa pana ili dari iwe karibu na uso wake, asinyooshe mkono sana. Alibadilisha mikono. Kila nusu saa alipumzika, na mke wake alisimama na saa mkononi kama msimamizi. Kwa wiki nzima walipaka hivyo, wakitaniana, mpaka dari ikawa bluu yote.

Dari alitaka kuzifuta zile nukta, mke wake akamkataza. Wageni walipofika, mjukuu hakuitazama dari hata kidogo. Alikwenda moja kwa moja ukutani, akanyoosha mkono kwenye nukta ya chini, asiifikie.

Dari aliinama, akamkumbatia kifuani kwa mikono miwili, akanyanyuka naye polepole. Mtoto akagusa nukta ya kwanza, akagusa ya pili, akaendelea hadi ya mwisho, kwenye kimo cha mlango, na kucheka kwa sauti. Bega halikulalamika.

Mke wake alikuwa amesimama pale, anacheka huku machozi yanamtoka. Akamwita mume wake kwa jina lake halisi, na safari hii hakuwa na hasira.