Mgeni Alibembelezwa Kwanza

"Zamda, futa machozi. Wageni wanatuangalia."

"Sabiri, mama yangu amefariki!"

"Najua, mpenzi. Innalillahi. Lakini yule mgeni naye analia, kagombana na mumewe, hataki kupanda gari. Mtulize kidogo tu, halafu nakupeleka Handeni mwenyewe."

"Kwa nini usimtulize wewe?"

"Mimi nitamwambia nini? Hayo mnayaweza nyie wanawake."

Walikuwa Mnyuzi na kundi la watalii waliokuja kutembea mashambani. Wote wawili walikuwa waongoza watalii, kampuni moja, cheo kimoja, na mahari ya Zamda ilishapokelewa. Lakini Sabiri kazi yake ilikuwa kuonyesha njia na kusimulia habari za reli. Mgeni akinuna, akiugua, akikumbuka kwao, anaitwa Zamda.

Simu ikaita. Ni Mhina, mdogo wake.

"Dada, uko wapi? Mama ameshaoshwa. Tunazika baada ya Adhuhuri."

"Nisubirini nimuone uso, Mhina. Nakuja, wallahi nakuja."

Jamani, yule binti alitabasamu! Sijui alilitoa wapi tabasamu lile. Akamkumbatia mgeni, akasikiliza ndoa yake yote tangu uchumba. Kila akitaka kuinuka, mgeni anamng'ang'ania mkono. Sabiri yuko kule anawapiga wengine picha, anamfanyia ishara aendelee.

Gari lao lilikuwa linaiacha Korogwe ujumbe ulipoingia:

"Dada tumekusubiri sana, wazee wamekataa. Mama ameshatolewa ndani."

Walifika Handeni mama ameshazikwa.

Baada ya matanga, Sabiri akaja nyumbani kwao. Wakakaa kibarazani.

"Nisamehe, Zamda. Bosi mwenyewe anakusifu, anasema umeokoa safari."

"Watu wote walimfunua mama uso wakamuaga. Hata majirani. Mimi nilikuwa namfariji mke wa mtu."

"Niliogopa tutakosa kazi. Tuna harusi mbele yetu."

"Kundi lilikuwa lako pia, Sabiri. Mdomo unao, bega unalo. Ukaona aibu kumbembeleza mtu anayelia, ukaona bora mimi nimkose mama."

"Basi niambie nifanye nini."

"Hata hilo nikufikirie mimi?"

Zamda alimpenda, tusidanganyane. Alimpenda mpaka wakati ule akiyasema haya.

"Wazee wangu watarudisha mahari."

"Zamda!"

"Nimechoka, Sabiri. Nikiolewa na wewe, siku nikifiwa na mtoto utaniambia kwanza nikutulize wewe."

Sabiri akainama, akalia kwa sauti kama mtoto. Mkono wa Zamda ukanyanyuka wenyewe kwenda kumfuta machozi. Akaurudisha. Akaingia ndani, akajitupa mapajani kwa shangazi yake Tatu, na kwa mara ya kwanza akamlilia mama yake bila kuambiwa afute machozi.