Chumvi Imekwenda Wapi?

Mjukuu wangu tunamwita Chiriku, maana mdomo wake haupumziki. Lakini alasiri ile aliingia kimya, akakaa karibu na cherehani ya mama yake.

"Nani amekukata ulimi leo?" nikamuuliza.

"Bibi, nimefeli kemia tena. Nikifeli mwezi ujao, natolewa darasa la sayansi."

Mama yake akasimamisha cherehani. Sote tulijua binti huyu anautaka ufamasia kwa moyo wake wote.

Jirani yetu, mwalimu wake wa kemia, alikuwa pale akijaribu suruali.

"Kosa si lake peke yake," akasema. "Mitihani yangu inaniambia nani amefeli. Hainiambii amekwama wapi. Sasa natunga jaribio jipya. Kila swali lina sehemu mbili: chagua jibu, kisha chagua sababu."

"Sababu hizo unazitoa wapi?"

"Vinywani mwa wanafunzi wenyewe, Bibi. Chiriku, nina gramu mia za maji. Natia gramu kumi za chumvi, nakoroga mpaka haionekani. Sasa uzito ni gramu ngapi?"

"Mia."

"Kwa nini?"

"Si chumvi imeshapotea, mwalimu?"

Mwalimu akaruka, pini za suruali zikamchoma. "Aaa! Hapo hapo!"

"Unafurahia kosa la mwanangu?" mama mtu akang'aka.

"Nafurahi kuliona, dada. Sasa najua pa kumkwamulia."

Nami sikujizuia. "Kitendawili!"

"Tega!"

"Nimezama sionekani, ukionja unanikuta."

Chiriku akakodoa macho. "Chumvi! Kumbe bado imo!"

Mwalimu akaenda kuleta mizani. Akaweka juu yake bilauri ya maji na karatasi yenye chumvi. Tukasoma namba. Akamimina chumvi majini, akairudisha karatasi, akakoroga. Namba haikubadilika hata kidogo.

Wiki iliyofuata aliwapa darasa zima jaribio lake. Katika wanafunzi arobaini, ishirini na sita walichagua sababu ile ile ya Chiriku. Watano walipata jibu, lakini sababu yao ilikuwa mbovu. Walibahatisha tu! Basi mwalimu akafundisha upya, kila kikundi kikipima chenyewe.

Mtihani wa mwezi ulipokuja, tulimsikia Chiriku tangu barabarani.

"Themanini na mbili! Nabaki! Mama, nabaki!"

Mama yake akatupa mkasi, wakakumbatiana katikati ya vitambaa. Mimi nikaiokota karatasi ya mtihani sakafuni. Kando ya swali la kwanza mwalimu aliandika kwa wino mwekundu: "Jibu sahihi. Sababu sahihi."