Picha ya Bi Mejumaa

Saliha aliandika sentensi, akaifuta, akaandika nyingine, akaifuta pia. Alikuwa ameketi nyuma ya mizani katika duka la viungo la babake, Mzee Najmuddin, karibu na soko la Marikiti. Kila Ijumaa duka lilitoa makala mpya kwenye blogu yake, na kazi hiyo ilikuwa ya Saliha. Iliki alishaiandika. Mdalasini pia. Wasomaji walikuwa wakipungua.

"Andika juu ya chumvi," alisema Beryl, mwanafunzi mwenzake, akimumunya ukwaju. "Chumvi ni nyeupe. Makala imekwisha."

Saliha hakucheka. Wakati huo aliingia Bi Mejumaa, jirani yao wa Kibokoni aliyetengeneza achari ya kuuza. Mumewe alikuwa amefariki mwezi uliopita, naye alikuwa katika eda. Watu walitarajia akae ndani mpaka muda wake uishe. Alinunua bizari na haradali kwa haraka, akatoka. Saliha alimpiga picha kwa nyuma.

"Huyo si jirani yenu?" Beryl aliuliza.

"Ndiye. Nimepata makala."

Aliandika kwamba bizari ya duka lao ni nzuri hata Bi Mejumaa wa Kibokoni amevunja eda kuifuata, akaweka na ile picha. Watu walisoma, wakacheka, wakatumiana. Blogu haikuwahi kupata wasomaji wengi namna ile.

Jumamosi, mkahawa uliokuwa ukinunua achari ya Bi Mejumaa ulimrudishia chupa zote. Shemeji yake alisimama mlangoni pake akamwita mwanamke asiye na haya, watu wakisikiliza. Watoto walimfuata binti yake mdogo wakiimba, "Mamako kavunja eda." Saliha aliyaona yote kutoka dirishani kwao.

Babake alipoisoma makala, hakupaza sauti.

"Ulimuuliza kwa nini alitoka?"

"La, baba."

"Achari ndiyo inayowalisha wanawe, na hakuwa na mtu wa kumtuma. Sheria yenyewe ya dini imemruhusu mwenye dharura kutoka mchana. Wewe ndiye uliyemnyima ruhusa."

Saliha aliifuta makala, kisha akaenda na mamake, Dilshad, kwa Bi Mejumaa. Bi Mejumaa hakuwakaribisha kuketi.

"Nimeifuta, Bi Mejumaa. Nisamehe."

"Umeifuta kwenye simu. Vinywani mwao utaifutaje? Nenda mlango kwa mlango ukawaambie ulichokifanya. Na usiandike jina langu tena, hata kwa kunisifu."

Walianzia mkahawani. Mwenye mkahawa, Kamaludin, alisikiliza akitazama chini, kisha akasema chupa zirudishwe, atazinunua kama zamani. Mitaani ilikuwa vigumu zaidi. Mama mmoja alimsikiliza Saliha mpaka mwisho, akatabasamu.

"Lakini alitoka, sivyo?"

Kwenye nyumba iliyofuata, vijana waliokuwa barazani walimwona akija. "Mwandishi huyo," mmoja alisema. "Leo umetuletea mjane gani?" Wenzake walicheka. Saliha alitaka kurudi nyuma. Mamake alimshika bega, akamsukuma polepole mbele, naye akasema aliyokuja kuyasema.

Jioni alirudi dukani macho yamemvimba.

"Baba, sasa nitaandika nini?"

"Leo wateja wameniuliza jinsi ya kuzuia wadudu wasiingie kwenye bizari," alijibu Mzee Najmuddin. "Jana waliuliza hivyo hivyo. Mambo mapya yanaingia kwa mlango huu kila siku, ila wewe ulikuwa unatazama simu. Andika watu wanachouliza, mwanangu, si wanachoficha. Na kama jambo linamhusu mtu, muulize yeye kwanza. Aibu ya mwenzio si bidhaa ya duka hili."

Upande wa pili wa mtaa ulikuwa bado haujafikiwa. Giza lilikuwa linaingia, na mamake alisema wataendelea kesho asubuhi, waanze na nyumba ya yule shemeji.